Madoa hayaniumi, mbona ninaumia?

Swali, kwa ufupi: "Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina miaka 29. Miaka mitatu iliyopita nilitokwa na doa jeupe kwenye kidole. Sasa madoa yameenea juu ya mikono yote miwili, pembeni mwa midomo na miguuni. Daktari niliyemwona aliniambia ni mbalanga, haiui, nirudi nyumbani. Kweli hayawashi wala hayaumi. Lakini siku hizi sitoi mkono kusalimia, harusini siendi, na kipindi kikiisha sinawi chaki mikononi ili watu wadhani weupe ule ni vumbi. Nimeposwa, na upande wa mchumba wameanza kunong'ona kwamba ni ukoma. Rafiki ameniletea mkorogo nipake sehemu zilizobaki nyeusi ili rangi ilingane. Usingizi umenipotea, na kuna usiku natamani kusikuche. Je, nina upungufu wa imani au wa akili, kulia kwa ajili ya madoa yasiyouma? Na je, siku ya harusi naweza kupakwa hina na piko kama wenzangu?"

Marahaba, Mwalimu. Umeuliza maswali mawili, lakini katikati yake umepitisha sentensi ambayo nisingependa tuiruke: kwamba kuna usiku unatamani kusikuche. Sijui kama ulimaanisha uchovu wa mtu anayehitaji kupumzika au ulimaanisha kwamba umewaza kufa, na kwa kuwa sikuoni, nitachukua maana ile nzito zaidi. Ikiwa wazo la kujidhuru limekujia, na hasa ikiwa limeanza kuwa na namna yake na wakati wake, mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, usilale peke yako, na asubuhi mwende pamoja hospitali ya rufaa ya mkoa mkaombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Ukifika mapokezi usiseme kwamba umekuja kwa ajili ya ngozi. Sema waziwazi kwamba hulali na unawaza kufa. Mengine yote ninayoandika hapa yanaweza kusubiri siku mbili, hilo haliwezi.

Sasa nije kwenye swali lako. Imani yako haina upungufu ninaouona mimi, na akili yako haijaharibika. Unalia kwa sababu umebeba mzigo halisi, na mzigo huo haupimwi kwa ukubwa wa madoa wala kwa maumivu yake. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Cardiff, nchini Wales, Finlay na Khan, walitoa dodoso fupi la maswali 10 la kupima jinsi ugonjwa wa ngozi unavyogusa maisha ya mgonjwa katika wiki moja iliyopita, na mpaka leo hilo ndilo linalotumiwa sana katika kliniki za ngozi duniani. Swali la kwanza peke yake ndilo linalouliza kuhusu kuwashwa na maumivu. Yaliyobaki yanauliza kuhusu aibu, kwenda dukani na kazi za nyumbani, nguo ulizochagua kuvaa, matembezi, michezo, kazi au masomo, uhusiano na mwenza na ndugu, tendo la ndoa, na usumbufu wa matibabu yenyewe. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na mgonjwa anayevuka 10 kati ya 30 huhesabiwa kuwa maisha yake yameathirika sana. Mwenye mbalanga anaweza kupata sifuri katika swali la kwanza na bado akavuka 10 kabla hajafika la mwisho. Kwa hiyo ulipoambiwa kwamba doa lisilouma halina neno, uliulizwa swali moja kati ya 10.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nami kwa miaka mingi niliwaambia wagonjwa wenye mbalanga kwamba haiui, nikaandika jina la mgonjwa anayefuata, na niliamini kwamba nimewatuliza. Kauli ile ni ya kweli kitabibu, lakini masikioni mwa mgonjwa ina maana nyingine: kwamba shida yake si shida, na kwamba akiendelea kusumbuka basi tatizo ni yeye. Alikuja na jambo moja linalomtia aibu, anaondoka na mawili, doa na machozi yake. Nadhani swali lako kuhusu imani na akili limezaliwa katika chumba cha daktari, na si mimi peke yangu ninayepaswa kuliombea radhi.

Nimesoma mara kadhaa mstari wako kuhusu chaki. Mtu asiyeijua mbalanga ataupita kama jambo dogo, bali mimi ndipo ninapouona ugonjwa wako ulipofikia. Kunawa mikono ni sekunde chache; kutokunawa kumekulazimu uhesabu kipindi kimeisha saa ngapi, nani yupo ofisini, chai utainywaje na vumbi vidoleni, na utasema nini siku ambayo huna somo la ubaoni. Kisha kuna mikono mirefu ya gauni kwenye joto la Tanga, kuna upande wa kukaa kwenye daladala, kuna mtandio wa kuvutwa mpaka kwenye pembe ya mdomo, kuna harusi unazotafutia udhuru. Kazi hii ya kuficha haina likizo, na ndiyo inayokumaliza zaidi ya weupe wenyewe. Ina ubaya mwingine ambao hauonekani kwa haraka: kwa kuwa hutoi mkono, hujapata nafasi ya kujua ni wangapi wangeupokea. Kila salamu uliyoikwepa umeihesabu kama salamu iliyokataliwa, ingawa hakuna aliyeikataa. Baada ya miaka mitatu ya hesabu hiyo, ni nani asingeamini kwamba watu wote wanamkimbia?

Sisemi kwamba watu hawakutazami. Wanakutazama. Kwa mtu mweupe sana doa la mbalanga laweza kutoonekana mpaka jua limguse, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi linaonekana toka ng'ambo ya barabara, na limekupata mikononi na mdomoni, mahali ambapo sisi watu wa huku hukutana. Tunasalimiana kwa mkono, mtoto wa Pwani hubusu mkono wa mkubwa wake, tunakula sinia moja, tunamega tonge kwa vidole. Kwa hiyo mbalanga ya mikono kwetu imekalia salamu na chakula, na mwenye nayo anaanza kujitenga na watu kabla watu hawajajitenga naye.

Tena kuna jina. Kwa Kiswahili mabaka haya yanaitwa mbalanga, na wengine husema barasi, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ambalo katika vinywa vya watu limekuwa likitumika kwa mabaka meupe na kwa ukoma bila kutenganisha. Tafsiri za zamani za maandiko nazo zilichangia. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13, magonjwa mengi ya ngozi yamewekwa chini ya neno ukoma, na katika kisa cha Gehazi, mtumishi wa Elisha, adhabu ya udanganyifu wake ni ukoma mweupe kama theluji. Ukoma tunaoujua hospitalini haumfanyi mtu awe mweupe kama theluji. Lakini picha ile ya mtu aliyegeuka mweupe kwa sababu ya dhambi imeingia vichwani, na mama wa mchumba wako anaponong'ona, yawezekana anarudia kitu alichofundishwa tangu utotoni bila nia ya kukuonea.

Tofauti ya magonjwa haya mawili inaweza kuonyeshwa mbele ya wazee kwa kipande cha pamba. Doa la ukoma kwa kawaida limefifia tu au lina wekundu, si jeupe kama maziwa, na mara nyingi limekufa ganzi: ukiligusa kwa pamba mgonjwa akiwa amefumba macho, hajui umegusa wapi. Doa la mbalanga ni jeupe kabisa na linahisi kama ngozi nyingine. Mbalanga haitokani na kijidudu chochote. Ni kinga ya mwili wenyewe inayoshambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, na kwa sababu hiyo haiambukizi kwa mkono, kwa sinia wala kwa kitanda. Naongeza neno moja ambalo si la kukufaa wewe tu. Sipendi utetezi unaosema "si ukoma" kwa sauti ya kumsukumia mwingine aibu. Ukoma unatibika kwa vidonge vinavyotolewa bila malipo, kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa akishaanza dawa hachukui muda kuacha kuambukiza. Mwenye ukoma naye hastahili minong'ono.

Kabla hatujaendelea na moyo, kuna jambo la mwili ambalo daktari wako wa kwanza hakulitaja katika uliyoniandikia. Kinga iliyokosea njia kwenye ngozi wakati mwingine hukosea pia kwenye tezi ya thairoidi iliyopo shingoni, na tezi hiyo ikilegea mtu huchoka, huona baridi, hunenepa bila kula sana, na huingiwa na huzuni ambayo hata yeye hawezi kuieleza ilikotoka. Omba kipimo cha damu cha homoni za tezi hiyo, na cha wingi wa damu pia. Sitaki utumie mwaka mzima kupambana na majonzi kwa maneno ya faraja, kumbe sehemu yake ilikuwa inatibika kwa kidonge kimoja kila asubuhi.

Vipimo vikirudi safi, tuitazame huzuni yenyewe. Kukosa usingizi, kutofurahia ulivyovifurahia, kujiona huna thamani, hamu ya chakula kubadilika na umakini kupotea, vikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, vinaitwa sonona, na sonona ni ugonjwa wenye tiba. Kwetu watu husema tu "ana mawazo", kana kwamba dawa yake ni kuacha kuwaza. Tiba yake ni mazungumzo yenye utaratibu pamoja na mtaalamu, na kwa wengine dawa, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha kazi yake. Ndiyo sababu wengi huziacha mapema wakidhani zimeshindwa. Nakuomba pia umsamehe kila anayekuambia "jikubali". Ananuia mema. Ila kujikubali si amri ambayo mtu huitekeleza akiisikia, na ukishindwa kuitekeleza unajikuta umefeli mtihani mwingine. Mimi sikuombi uyapende madoa yako. Nakuomba upunguze kuyafanyia kazi.

Njia ninayowapa wagonjwa wangu ni ya hatua fupi, na huanza mahali penye hofu ndogo. Chagua mtu mmoja ofisini ambaye hujawahi kuona jicho lake baya. Baada ya kipindi cha kwanza nawa mikono yako, ukae karibu naye ukanywe chai, halafu uandike kwenye daftari mambo mawili: ulichotarajia atafanya, na alichofanya. Usiandike ulichohisi kwamba anawaza, kwa maana hicho hukukiona. Fanya hivyo wiki mbili kwa watu tofauti kabla hujaenda kwenye hatua ya kutoa mkono kwa mtu usiyemjua. Baadhi watakuangusha. Wapo watakaorudisha mkono nyuma, na siku hiyo itauma sana, lakini daftari litakuwa na kurasa nyingine za kuilinganisha nayo.

Kwa wanaouliza, uwe na jibu lililoiva mdomoni, fupi, lisilo na msamaha ndani yake: "Ni mbalanga. Rangi ya ngozi imeondoka hapa, haiambukizi." Lisemee mbele ya kioo mpaka lisikutetemeshe sauti. Watoto darasani ndio watakaouliza kwa uwazi zaidi, na uzoefu wangu ni kwamba wao hutosheka upesi, mtoto akiuliza "Mwalimu, umeungua?" anataka kujua kama unaumia. Mwambie huumii. Kesho yake atauliza kuhusu mpira. Watu wazima ndio wanaohitaji kurudiwa.

Mwenye mbalanga maarufu kuliko wote, Michael Jackson, alikaa miaka mingi akifunika madoa kwa vipodozi huku dunia ikisema kwamba anajichubua ili asiwe mtu mweusi. Alipolitamka jina la ugonjwa wake hadharani, Februari 1993, katika mahojiano na Oprah Winfrey, wengi hawakumwamini, kwa sababu hadithi nyingine ilikuwa imeshazoeleka. Uchunguzi wa mwili wake baada ya kifo chake mwaka 2009 ndio uliothibitisha alichosema. Siku ya mbalanga duniani huadhimishwa 25 Juni, tarehe aliyofariki. Namtaja kwa sababu ya mkorogo wako, na kwa sababu ya wakwe zako. Pale mwenye ugonjwa anaponyamaza, majirani hutunga maelezo yao, na nadra sana yakawa maelezo ya huruma.

Mkorogo huo usiupake. Nyingi za krimu hizo zina zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) au steroidi kali (dawa za kutuliza kinga na uvimbe), na Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni kwa sababu za msingi. Zebaki huharibu figo, na kwa mwanamke anayetarajia kuolewa na kuzaa ina hatari kwa mtoto aliye tumboni. Vilevile huvuruga usingizi na kuleta wasiwasi na huzuni, yaani itakuongezea maradhi yaleyale uliyoyaandikia barua. Wala mkorogo hautakupa rangi moja: ngozi inaweza kuwa nyembamba, kuungua na jua, na baadaye kugeuka kijivu au bluu mahali pasipotarajiwa. Usikubali pia dawa za kuunguza wala chale. Ngozi yenye mbalanga inayoendelea kuenea mara nyingi hujibu jeraha kwa kutoa doa jipya palepale, kwa hiyo mganga anayechanja pembeni mwa doa anaweza kuwa anachora ramani ya doa lijalo.

Matibabu ya ngozi yapo, na kuambiwa urudi nyumbani hakukuwa sahihi. Kuna dawa za kupaka zinazotuliza kinga ya mwili, kama takrolimusi na steroidi zinazosimamiwa na daktari, na kuna mwanga maalumu wa UVB (aina ya miale isiyoonekana iliyomo pia katika jua) unaopigwa mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi mingi. Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu kwa mbalanga mwezi Julai 2022, ila bei yake bado ni mlima. Uso huitikia vizuri kuliko sehemu nyingine. Ncha za vidole na midomo ni wagumu, kwa kuwa rangi hurudi ikitokea kwenye mashina ya vinyweleo na sehemu hizo hazina vinyweleo. Ukianza kuona vidoti vya kahawia ndani ya doa, hizo ni habari njema. Ukitaka kliniki iliyobobea, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa ngozi wa kanda hii tangu miaka ya 1990, na kutoka Tanga ni safari ya siku moja. Nenda ukijua kwamba baadhi ya madoa ya mikono yatabaki. Nakuambia mapema kwa sababu nimeona wagonjwa walioahirisha harusi, masomo na kuzaa wakisubiri ngozi irudi, na miaka haikuwasubiri.

Kuhusu mchumba, hukusema kama ameona madoa ya miguuni. Ikiwa hajayaona, mwonyeshe mchana, kwenye mwanga, kabla ya siku ya ndoa, wala usingoje ayagundue usiku akiwa na mshangao ambao wewe utautafsiri kuwa ni chuki. Mwombe akusindikize kliniki. Atauliza, kama wanavyouliza wote, kama watoto watarithi: upo urithi ndani yake, lakini kwa ndugu wa damu wa karibu hatari hukadiriwa kuwa takriban 6 kati ya 100, maana yake walio wengi hawapati kabisa. Na ule unong'ono wa ukweni usiubebe wewe, binti yangu. Mmepeana mshenga kwa kazi za namna hii. Mpelekeni mshenga kwa daktari akashike ile pamba kwa mkono wake, kisha arudi kwa wazee akaseme alichokiona. Neno la mshenga ukweni lina uzito kuliko vyeti vyangu. Ikiwa baada ya hapo bado watakataa, utakuwa umejua kabla ya ndoa jambo ambalo wenzako hulijua wakiwa ndani yake.

Imebaki hina, uliyoiuliza mwishoni kana kwamba ni nyongeza, ingawa nashuku ndiyo iliyokufanya uandike. Piko usipake. Mara nyingi hukorogwa kwa rangi nyeusi ya nywele, ambayo huunguza ngozi za watu wengi na kwa mwenye mbalanga inaweza kuondoa rangi mahali palipokuwa pazima. Hina ya majani matupu, iliyosagwa na kukorogwa kwa maji na ndimu, haina kizuizi kwako. Ijaribu kidogo mkononi wiki moja kabla. Mwambie mpambaji mapema kwamba juu ya sehemu nyeupe hina hutoka nyekundu zaidi kuliko pembeni, ili apange maua yake akilijua hilo. Mpambaji mzoefu ataanzia hapo.